Yowe Katika Chumba cha Kusomea

Armand Thibault aliua mtu akiwa na miaka kumi na tisa. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu huanza na hilo, na sitaki ulisikie kwa mwingine halafu uje kuniambia nilikuficha. Alimuua baba yake wa kambo jikoni kwao, Fall River, ghorofa ya tatu, Jumapili mchana, kwa spana ya mabomba. Alimpiga mara tisa. Mama yake alikuwa chini ya meza, taya limevunjika, anatemea meno kiganjani. Polisi walipofika walimkuta Armand amepiga magoti, kamshikia mama yake taulo mdomoni, na spana kaiweka kwenye sinki, bomba liko wazi linaiosha.

Wakampa kifungo cha maisha. Alikaa ndani miaka ishirini na mmoja, ndipo Bodi ya Parole ikamtoa kwa masharti. Asinywe pombe, asivuke mpaka wa Massachusetts bila ruhusa, asimguse mtu kwa ubaya. Hata kofi. Siku atakayoinua mkono anarudi ndani, na akirudi hakuna wa kumwambia atatoka lini.

Mimi naitwa Odília Furtado. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa dawati la mbele la chumba cha kusomea, katika maktaba ya kumbukumbu za kale hapa Ashquam, penye makaratasi ya mahakama yaliyoandikwa kabla nchi hii haijawa nchi. Kazi yangu ni kuwanyang'anya watu kalamu za wino na kuwapa penseli, kukagua mikono kama ni misafi, na kunyamazisha. Kwenye kunyamazisha ndipo nimebobea. Profesa mzima na mvi zake, nikimtupia jicho tu, anameza kikohozi.

Kila mwaka maktaba hutoa ufadhili wa wiki nne kwa watafiti wa sheria za enzi zile za mwanzo. Wanaoupata ni vijana wa vyuo vikubwa, baba wakili, babu wakili. Mwaka ule ikaingia barua ya mtu aliyepatia shahada yake gerezani. Kamati ilibishana mpaka kahawa ikapoa. Najua, kwa sababu kahawa niliipeleka mimi na sikuwa na haraka ya kutoka.

"Jamani, ni muuaji," mmoja akasema.

"Ni muuaji, sawa," akajibu mkurugenzi wetu, Dakta Whitcomb. "Lakini swali lake limeyapita maswali ya wengine wote hawa. Nani anabisha?"

Hakubisha mtu. Na swali lenyewe lilikuwa hili. Zamani zile hapakuwa na polisi huku. Mtu akiona mwenzake anauawa au anaibiwa, alipiga yowe, na sheria ilimtaka kila aliyesikia aache alichokuwa akifanya, atoke na chochote kilichoko mkononi, jembe au mwiko, aje. Aliyebaki ndani alipelekwa mahakamani. Armand alitaka kujua ni akina nani waliotoka, ni akina nani waliobaki ndani, na waliotoka walitoka kwa yowe la nani.

Siku ya kwanza alikuja Februari katikati, theluji imefika magotini, kavaa suti ya mtumba iliyombana mabegani. Mwanamume mkubwa, mikono kama makoleo.

"Kalamu," nikamwambia.

"Samahani?"

"Kalamu ya wino. Weka hapa. Humu ni penseli tu."

Akatoa kalamu. Akatoa funguo, leso, pipi mbili, akageuza mifuko yote nje, halafu akapanua miguu na kuinua mikono juu asachiwe. Wasomaji wote wakageuka.

"We kaka! Shusha mikono hiyo, unanitia aibu. Hapa si huko ulikotoka."

Akacheka mpaka masikio yakawa mekundu. "Mazoea, dada. Unisamehe."

Nikampenda hapo hapo. Mtu wa nyumbani humjui kwa sura, unamjua kwa namna anavyoona haya. Na kweli, tulipoulizana, kumbe amekulia mitaa miwili tu kutoka kwetu kule Fall River, kwenye nyumba zile zile za mbao za ghorofa tatu, ambazo wa chini akikoroga chai wa juu anasikia kijiko.

Mchana tulikula watatu kwenye chumba cha nyuma. Mimi nilileta mkate na soseji za Kireno, Ijumaa nikaleta maandazi ya sukari ya dada yangu. Wa tatu alikuwa Rosalind Haldane, fundi wetu wa kutengeneza karatasi zilizochanika. Miaka thelathini na sita, mikono mizuri ajabu. Alikuwa anaweza kuziba tundu la panya kwenye hati ya mwaka 1660 usijue lilikuwepo. Rosalind alipaka poda nene usoni hata siku za joto. Maktaba nzima tulijua ile poda ni ya nini.

Armand alijua siku ya pili. Rosalind alipotoka kwenda kuosha kikombe, akaniuliza taratibu, "Yule dada anapigwa na nani?"

"Mumewe. Dale. Anaezeka mapaa."

"Nanyi mmefanya nini?"

"Tumemwambia aondoke. Hataki."

"Mmemwambia." Akatafuna mkate wake, ananitazama.

Nikapandwa na hasira. "Usinitumbulie macho hivyo, wewe na mauaji yako!"

Loo! Mdomo huu. Maneno yalishatoka, nikatamani sakafu inimeze. Armand akaweka mkate chini, akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Ni kweli," akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Basi akasoma. Sijaona mtu anasoma vile. Alifika kabla sijafungua, anasimama kwenye theluji. Aliomba sanduku baada ya sanduku, na kila alipokuta yowe aliandika kwenye kadi: mwaka, mji, nani aliyelia, wangapi waliotoka. Mara nyingine alinisomea kwa kunong'ona, nami nilimwacha, jambo ambalo sikumruhusu hata askofu alipokuja.

"Sikiliza hii, dada. Mwaka 1671. Farasi kaibwa. Wametoka wanaume arobaini na mmoja. Wamemkimbiza mwizi maili kumi na nane, wamempiga kwa mipini ya majembe mpaka mbavu zimetokeza nje ya ngozi."

"Kwa farasi?"

"Kwa farasi jike mwenye chongo. Imeandikwa."

Kesho yake akanisomea nyingine, safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. Mwaka 1674. Mwanamke anaitwa Tabitha Crull. Mumewe alimburuta kwa nywele kutoka jikoni mpaka kisimani, akawa anampiga kwa mti wa kusukia maziwa. Nyumba tatu zilikuwa karibu, ya karibu zaidi hatua thelathini. Yowe lilianza adhuhuri, likaendelea mpaka ng'ombe wakakamuliwa. Hakutoka mtu. Walipokuja kumwokota, fuvu lilikuwa limefunguka, na mbwa wa nyumbani alikuwa ameshafika kabla yao.

"Inatosha, Armand. Nimekula sasa hivi."

"Haijaisha. Hakimu aliwaita wenye nyumba zile tatu. Akawasimamisha mbele ya mji mzima, akamwuliza mmoja mmoja: ulisikia? Wakasema ndiyo. Mbona hukutoka? Wakasema, ni mambo ya mtu na mkewe. Akawatoza faini na kuwaweka mkatale, miguu imebanwa kati ya mbao, siku nzima." Akafunika kadi kwa kiganja. "Angalau waliulizwa. Kwetu pale Fall River hakuulizwa mtu. Ghorofa ya kwanza walikuwa wanaangalia mpira siku ile. Mama analia, mimi nagonga sakafu kwa ufagio, nao nawasikia wanashangilia goli."

Nikamwuliza, maana nilikuwa na hofu naye, "Na ukikutana na jambo kama hilo sasa?"

"Sasa nitapiga yowe, dada. Mikono naiweka nyuma napiga yowe. Nikimgusa mtu nimekwisha. Nina miaka arobaini na mitatu, nimeshaonja kulala na dirisha wazi. Sirudi kule. Nakwambia sirudi."

Wiki ya tatu Rosalind akamwacha mumewe. Alihamia kwa dada yake, akaenda mahakamani akapata amri ya kumzuia Dale asimkaribie. Akatuonyesha karatasi ile, na Armand akaisoma yote, mpaka muhuri. Nikaleta maandazi ingawa ilikuwa Jumatano. Rosalind akala matatu, na siku hiyo hakuwa na poda. Jicho la kushoto lilikuwa la njano na zambarau, hakulificha.

Jumanne iliyofuata, saa tano asubuhi, Dale Haldane akaja.

Mlinzi wa mlango wa chini alimpitisha, maana alimjua kuwa ni mume wa Rosalind na amri ile hakuna aliyemwonyesha. Akapanda ngazi na buti zake za kazi zenye lami. Chumbani mlikuwa na wasomaji kumi na mmoja, na Armand wa kumi na mbili, meza ya sita. Rosalind alikuwa amesimama kwenye meza kubwa ya katikati, anatandaza hati aliyokuwa ametoka kuiziba. Nami, unajua nilisema nini? Nilisema, "Bwana, saini kitabu kwanza." Wallahi nilisema hivyo. Alinipita kama sipo.

Alimshika Rosalind nywele kwa nyuma, akampigiza uso kwenye ukingo wa meza. Mara ya kwanza pua ililia kama kuni kavu. Mara ya pili meno yalitoka na kuruka juu ya karatasi. Rosalind hakupiga kelele, alitoa sauti ya chini tu, ya mtu aliyekosa pumzi. Dale akamtupa sakafuni, akampiga teke la tumbo, akamkalia kifuani na kumkaba kwa mikono miwili, huku anamwambia polepole, "Unanipeleka mahakamani? Mimi? Unanipeleka mimi mahakamani?"

Armand alishasimama. Mikono aliipeleka nyuma, mmoja umeushika mwingine kifundoni, nikaona vidole vinakuwa vyeupe. Na akapiga yowe.

"Jamani tokeni! Anaua mtu! Njooni nyote!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Kioo cha saa kilitetemeka. Hakusimama mtu.

"Njooni! Wewe wa sweta ya kijani, mshike mkono! Nyote mkija hana nguvu! Odília, simu! Odília!"

Yule wa sweta ya kijani, profesa kutoka Ohio, alikunja mikono juu ya hati yake isirukiwe na damu. Naapa nilimwona. Mama mmoja wa Connecticut alishika penseli yake kwa nguvu, anaitazama ncha. Wengine waliinamia meza. Watu waliokula mkate wao maisha yote kwa kusoma habari za mayowe! Walikaa kama wanasubiri mvua ipite.

Ningependa niendelee kuwatukana wote, lakini subiri usikie. Simu ilikuwa juu ya dawati langu, inchi nne kutoka mkononi. Nilisikia jina langu mara mbili. Niliinama chini ya dawati. Nilikaa chini pale kati ya kikapu cha takataka na viatu vyangu vya theluji, nimeziba mdomo kwa viganja, na kwenye uwazi wa dawati niliona miguu ya Rosalind inapiga sakafu, halafu inapiga kidogo, halafu haipigi. Niliogopa. Sina neno jingine la kuliremba. Niliogopa yule mwanamume atanigeukia mimi.

Armand akapiga yowe mara ya tatu na ya nne. La nne halikuwa na maneno.

Ndipo alipoachia mikono yake.

Alichukua kizito cha madini ya risasi, vile tulivyovishonea kitambaa vya kukandamizia karatasi zisijikunje, akampiga Dale pembeni mwa kichwa. Dale akaanguka upande, akainuka, akamrukia. Armand akampiga la pili kwenye taya, nikasikia taya linaachana. La tatu likaingia kwenye jicho. Dale akapiga magoti. La nne likamlaza chali. Angeacha hapo, Mungu wangu, angeacha hapo! Hakuacha. Akapiga mengine matatu mtu akiwa chini, kwa ngumi, anapiga na kulia, uso umemlowa machozi na damu ya mwenzake. Kisha akaacha ghafla. Akamgeuza Rosalind ubavu, akamtoa damu na meno kooni kwa kidole, akamsikiliza mpaka alipokohoa. Halafu akakaa sakafuni, mikono juu ya kichwa, akawasubiri polisi. Hakuna aliyewaita kutoka chumbani mwetu. Aliita mlinzi wa chini, aliyekuwa ametoka nje kusafisha theluji, aliporudi akasikia vishindo.

Rosalind aliishi. Sauti yake hadi leo ni ya kukwaruza, na ya siku ile hakumbuki kitu tangu alipotandaza hati. Dale alipoteza jicho, na taya lake wameliunga kwa vyuma.

Afisa wa polisi alikuja kwangu na kidaftari, Dakta Whitcomb kasimama pembeni.

"Mama, wewe uliona nini? Huyu Thibault alisema lolote kabla ya kumshambulia?"

Nikafungua mdomo, mdomo huu usiokosaga neno. "Nilikuwa stoo," nikasema. "Sikusikia kitu."

Ndiyo, nilisema. Ningesema nimemsikia, angeniuliza ulifanya nini, nami ningemjibu mbele ya bosi wangu kwamba nilikuwa nimechutama na kikapu cha takataka. Afisa akaandika, akashukuru, akaenda.

Shida ilikuwa kamera. Iko juu ya mlango, dawati langu liko chini yake halionekani, inaona migongo ya wasomaji, haina sauti. Wiki iliyofuata mwanasheria aliyepewa Armand na serikali, dada mmoja mwembamba wa Worcester, alituonyesha ile picha ofisini kwa mkurugenzi. Unamwona Dale anampiga mkewe. Unamwona Armand kwa nyuma, kasimama wima, mikono kaifunga nyuma, sekunde arobaini. Hasogei. Halafu anachukua kizito.

"Mnaona inavyoonekana?" mwanasheria akauliza. "Inaonekana kasimama anatazama, anachagua wakati wake, kisha anataka kuua kama alivyoua zamani. Anasema alikuwa anaita watu. Nikithibitisha aliita, na hakuja mtu, Bodi itaona alijaribu kila njia kabla ya kuinua mkono. Nisipothibitisha, amerudi ndani kwa kifungo cha maisha. Watu kumi na mmoja walikuwa mle chumbani. Nataka mmoja tu aseme: nilimsikia."

Mkurugenzi aliwaandikia wote, na wote walijibu, maana ni watu wa kujibu barua. Kumi na moja, zimechapwa vizuri. Nilizisoma mimi kabla ya kuziweka kwenye bahasha, na ya tatu niliitupa mezani kwa hasira kabla sijaimaliza. Hawa watu wameandika miaka thelathini kuhusu wafu, hawawezi kusema jambo bila kulizungushia ua. Mmoja aliandika kwamba "kuna dalili za sauti kupazwa, ingawa mpangilio wa matukio haujathibitika." Mwingine, kwamba hawezi kuondoa uwezekano wa kuwepo kwa aina fulani ya wito, lakini angejihadhari kuufasiri. Mama wa Connecticut aliandika kurasa mbili juu ya udhaifu wa kumbukumbu za mashahidi, na akaweka tanbihi. Tanbihi! Mtu anaenda kufia gerezani, yeye anaweka tanbihi.

Sidhani wote walikuwa waongo. Ndivyo walivyofundishwa kuandika, na safari hii iliwafaa. Nikampigia simu yule wa Ohio.

"Profesa, jibu kwa neno moja. Ulimsikia Armand au hukumsikia?"

"Bi Furtado, unajua ushahidi wa mtu aliyekuwa katika taharuki..."

"Alikuita! Alikutaja kwa sweta yako!"

"Nilikuwa na sweta, ndiyo. Kwamba maneno yale yalinilenga mimi, hilo ni fasiri."

"Fasiri mama yako!"

Kisha, bila kupandisha sauti, akaniuliza, "Na wewe, Bi Furtado? Nimeona maelezo yako kwa polisi. Yanasema ulikuwa stoo."

Nilikata simu. Nilikaa jikoni kwangu na koti sijavua, chakula kikaungua, nikakiacha kiungue.

Usifikiri nilikimbilia kwa mwanasheria kesho yake. Nilingoja wiki tano. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi niliona sura ya Rosalind akinisikia nasema: nilikuwa pale, nilikuona miguu yako inaacha kupiga. Alikuwa amesharudi kazini na shingo kaifunga kitambaa, na ananiletea kahawa, mimi, anasema, "Bi Odília, Mungu amekuepusha hukuona." Nilikunywa kahawa ile. Nilikunywa kila siku.

Bodi ilikaa mwezi wa tano. Nilimwambia mwanasheria asubuhi ile ile, kwenye ngazi. Alinitazama kama mtu aliyeletewa dawa baada ya mgonjwa kuzikwa, lakini akaniweka kwenye orodha.

Armand aliletwa na pingu mikononi na miguuni, kapungua, ile suti sasa haimbani. Rosalind alikaa mstari wa mbele. Nikaapa, nikasema yote. Niliwaambia mayowe yalikuwa manne, nikawaambia maneno yake, na simu ilikuwa wapi, na mimi nilikuwa wapi. Sikumtazama Rosalind, ila nilimsikia anasimama na kutoka.

Mwenyekiti wa Bodi, mama wa umri wangu, alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu angekuwa mkali.

"Bi Furtado, polisi uliwaambia ulikuwa stoo na hukusikia kitu."

"Nilidanganya."

"Na leo unasema kweli."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wewe na Bwana Thibault mlikuwa mnakula pamoja kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Ulikuwa unampenda?"

"Kama ndugu yangu."

Akavua miwani. "Mama, jiweke mahali pangu. Nina watu kumi na mmoja, wasomi wa sheria, hawamjui wala hawamchukii, na hakuna hata mmoja aliye tayari kusema amesikia. Nina picha. Halafu nina rafiki yake, aliyesema hivi mwezi wa tatu na vile mwezi wa tano. Ungesema siku ile ile, tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa. Nimwamini Odília yupi?"

Armand alikuwa anatazama meza. Walitoka dakika ishirini, wakarudi. Wamefuta parole yake. Maombi mengine yatasikilizwa baada ya miaka mitano, na hayo ni maombi tu, hakuna ahadi. Armand akasimama walipomwambia asimame. Akanipita, minyororo inaburuta.

Rosalind hali tena chakula kwenye chumba cha nyuma. Tukikutana kwenye korido ananisalimu kwa adabu, "Habari za asubuhi, Bi Furtado," kama tunavyosalimia wasomaji. Nampa haki yake. Kadi za Armand, mia mbili na kumi na mbili, niliziweka kwenye sanduku na kulipatia namba, ziko rafu ya kumi. Hajaziomba mtu.

Mwezi wa saba nilikwenda kumwona. Saa mbili za basi, halafu unakaa upande wa pili wa kioo na simu sikioni. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimeshachagua hata matusi. Akaja, akakaa, akachukua simu. Mkono mmoja ulikuwa na bandeji na mdomo umepasuka. Nikajua kule ndani wameshamkaribisha.

"Dada Odília."

"Armand. Nisamehe."

Akatikisa kichwa, hakuwa amekuja kwa hilo. Akasogea karibu na kioo, akashusha sauti kama mtu anayeona haya kuuliza.

"Niambie kitu kimoja, na usiniongopee. Nilipiga yowe?"

Sikuelewa. "Unasemaje?"

"Siku ile. Nimesoma maelezo ya wote, walinipa nakala. Nimeangalia ile picha mara nyingi sana, dada. Najiona nimesimama tu. Usiku nalala najaribu kuisikia sauti yangu siisikii. Nimeanza kuona labda sikuita. Labda nilisimama nikatazama, kama wanavyosema. Labda ndivyo nilivyo." Akaibana simu sikioni. "Ulisema vile ili unisaidie, au nilipiga yowe kweli?"

Nilishika kile kioo kwa kiganja, hata sikujua nimekishika.

"Ulipiga yowe, Armand. Mara nne. Uliniita jina langu mara mbili, ukasema simu. Nilikusikia tangu la kwanza."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke mpaka shingoni.

"Sema tena," akasema.

Nikamwambia tena, toka mwanzo, neno kwa neno, na mahali nilipokuwa nimeinama.